Nani Kasema Hana Kichwa cha Hesabu?

Ndugu msikilizaji, kuna sentensi moja fupi inayosikika karibu kila nyumba na kila chumba cha walimu. Sentensi yenyewe ni hii: "Huyu hana kichwa cha hesabu." Husemwa na mzazi aliyeshika ripoti ya mtoto mkononi. Husemwa na mwalimu anayesahihisha madaftari. Na mwishowe husemwa na mtoto mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa: "Mimi hesabu hazipandi."

Sentensi hiyo ina ndugu yake sokoni. Huko husemwa kwamba fulani ana nyota ya biashara na fulani hana. Mtu akifungua genge likafa baada ya miezi sita, majirani hawaulizi alinunua wapi, aliuza kwa bei gani wala mtaji ulikwenda wapi. Husema tu, "Biashara si yake huyo, arudi akalime." Kana kwamba kilimo nacho hakihitaji maarifa!

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu sentensi hizo mbili. Je, ni kweli kwamba uwezo wa mtu umekwisha pimwa na kufungwa tangu kuzaliwa, au uwezo ni kitu kinachoongezeka kadiri mtu anavyojifunza? Na je, jibu tunaloamini lina athari yoyote katika maisha yetu? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na waliyoyaona yanatuhusu sisi wenye watoto shuleni na sisi wenye vibanda mitaani.

Mitazamo miwili

Mtu aliyelishughulikia sana suala hili ni mwanasaikolojia wa Marekani, Profesa Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 2006 alitoa kitabu kilichosomwa na watu wengi duniani. Anasema watu wana mitazamo miwili juu ya uwezo wao. Wa kwanza tunaweza kuuita mtazamo mgando. Mwenye mtazamo huu huona akili kama kimo cha mtu mzima: ukishafika ulipofika, hata ukiruka kila siku huongezeki inchi moja. Wa pili ni mtazamo wa kukua. Mwenye huu huona akili kama mkono wa mhunzi. Siku ya kwanza nyundo humshinda, lakini baada ya mwaka mkono umekomaa na chuma kinamtii.

Lugha yetu wenyewe imebeba mitazamo yote miwili. Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapo hapo tunasema elimu haina mwisho. Tunasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kisha tunamwita mtoto mbumbumbu kwa sababu ya mtihani mmoja. Kwa hiyo jambo hili si geni lililotoka ng'ambo. Ni ugomvi tulio nao nyumbani siku zote, ila mara nyingi hatujiulizi ni upande gani tunaoupa ushindi.

Sifa inayodhuru

Sasa tuangalie jaribio moja lililotangazwa mwaka 1998 na Dweck pamoja na mwenzake, Claudia Mueller. Walichukua watoto wa darasa la tano huko Marekani, wakawapa mafumbo ya maumbo ambayo si magumu sana. Walipomaliza, watoto wote waliambiwa kwamba wamefanya vizuri. Lakini hapo ndipo ilipowekwa tofauti ndogo. Kundi moja liliambiwa: hakika nyinyi mna akili. Kundi la pili liliambiwa: hakika mmefanya bidii. Kundi la tatu halikuongezewa neno. Tofauti ilikuwa sentensi moja tu.

Kisha watoto wakaulizwa ni kazi ya namna gani wangependa baadaye: rahisi ambayo itawaonyesha kuwa wana akili, au ngumu ambayo watajifunza kitu hata kama watakosea. Waliosifiwa kwa bidii, zaidi ya tisa katika kila kumi, walichagua kujifunza. Waliosifiwa kwa akili, wengi wao walichagua ile itakayolinda sifa yao.

Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Halafu wakarudishiwa mafumbo ya kiwango kile kile cha mwanzo. Waliosifiwa kwa bidii walifanya vizuri kuliko mara ya kwanza. Waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza. Si hayo tu. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi ya walioitwa wenye akili walidanganya kwa kujiongezea alama. Katika kundi la bidii, aliyedanganya alikuwa kama mmoja katika kila wanane.

Msikilizaji, tafakari hapo kidogo. Watoto hawa hawakutukanwa. Walisifiwa! Lakini sifa waliyopewa iliwafundisha kwamba akili ni kitu ulicho nacho au huna. Kwa hiyo, mafumbo yalipowashinda, hawakuwa na maelezo mengine ila kwamba kumbe hawana. Mtu aliyefikishwa hapo ana njia tatu: kukwepa kazi ngumu, kukata tamaa au kudanganya. Sisi tunaoshangaa kwa nini vijana hodari huibia mitihani, pengine hapa tunapata sehemu moja ya jibu.

Pengine ndiyo maana wengi walipokea vizuri uamuzi wa Baraza la Mitihani la Tanzania, mwanzoni mwa mwaka 2023, kuacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Lakini baraza linaweza kuacha kutangaza, na sisi tukaendelea kutangaza kila siku mezani wakati wa chakula: "Huyu ndiye mwenye akili, yule ni wa kazi za mikono."

Je, ni kweli uwezo hukua?

Mtu anaweza kuuliza: hayo ni maneno ya kutia moyo tu, lakini ubongo wenyewe hubadilika? Jibu ni ndiyo, na ushahidi mzuri umetoka kwa madereva wa teksi.

Jijini London, anayetaka leseni ya kuendesha zile teksi nyeusi lazima akariri mitaa ipatayo 25,000 katikati ya jiji, pamoja na majengo yake muhimu. Huchukua miaka mitatu, minne na hata zaidi, na wengi hushindwa njiani. Wataalamu wa chuo kikuu cha huko, Eleanor Maguire na Katherine Woollett, waliwafuata wanafunzi 79 wa kazi hiyo tangu mwanzo, wakipiga picha za bongo zao. Mwanzoni hapakuwa na tofauti kati ya wanafunzi hao na watu wengine. Miaka kadhaa baadaye, kama walivyoeleza mwaka 2011, wale 39 waliofuzu walikuwa wameongezeka katika sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yaani kile kijisehemu cha ubongo kinachotusaidia kukumbuka mahali na njia. Wasiofuzu hawakuonyesha ongezeko hilo. Hawa walikuwa watu wazima, si watoto wa chekechea. Kwa hiyo hata yule anayesema samaki hukunjwa angali mbichi, aelewe kwamba binadamu mkavu naye bado hukunjika.

Mfano wa pili unatoka Brazil, na huu unamgusa kila aliyewahi kununua kitu kwa mtoto wa mtaani. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife. Waliwaendea watoto wachuuzi, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na mitano, wakajifanya wateja. Mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili aliulizwa nazi kumi ni bei gani, ikiwa moja ni kruzeiro 35. Akahesabu kichwani: tatu ni 105, tatu nyingine ni 210, tatu tena 315, na moja ya mwisho, jumla 350. Hakukosea hata senti. Kwa jumla, pale barabarani watoto walipata karibu maswali yote, asilimia 98. Baadaye watafiti wakawapa hesabu zile zile kwa kalamu na karatasi, kama shuleni, bila nazi wala mteja. Wakapata asilimia 37 tu.

Watoto wale wale, hesabu zile zile. Nani basi atasimama aseme hawana kichwa cha hesabu? Kichwa walikuwa nacho. Kilichokosekana ni daraja la kutoka kwenye nazi kwenda kwenye karatasi, na kulijenga daraja hilo ni kazi ya mwalimu. Ukimwambia mtoto hana kichwa, umemwondolea mwalimu wajibu huo, na umemwondolea mtoto sababu ya kujaribu.

Nyota ya biashara

Tuingie sasa sokoni. Kwa miaka mingi mashirika mengi yamewafundisha wafanyabiashara wadogo kuandika hesabu, kutenganisha fedha za duka na za nyumbani, kupanga bei na kutangaza bidhaa. Mafunzo hayo ni mazuri, lakini matokeo yake mara nyingi yamekuwa haba. Hapa Dar es Salaam, katika utafiti ulioanza mwaka 2008, wataalamu kutoka Norway waliwapima wateja wa taasisi moja ya mikopo midogo waliopewa mafunzo ya biashara. Biashara za wanaume zilinufaika. Za wanawake zilinufaika kidogo mno.

Ndipo tunapofika Togo. Katika mji mkuu wa Lomé, watafiti wakiwemo wa Benki ya Dunia walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi la kwanza halikufundishwa kitu. La pili lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara. La tatu lilipewa mafunzo ya kujituma, yaliyotokana na kazi za mwanasaikolojia wa Kijerumani, Michael Frese. Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipata saa 36 darasani, kisha mkufunzi aliwatembelea kwenye biashara zao kwa miezi minne.

Kujituma kwa maana gani? Si kuamka alfajiri zaidi wala kubeba mizigo mizito zaidi. Walifundishwa kuanzisha jambo kabla ya kulazimishwa na shida, kutazama mbele na kujiandaa kwa vikwazo, kutafuta habari kwa wateja na washindani, na kurudi kwenye lengo kwa njia nyingine pale njia ya kwanza inapoziba. Kwa ufupi, walifundishwa kuiona biashara kama kitu wanachoweza kukibadilisha, badala ya kuisubiri nyota ing'ae.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Katika muda wa zaidi ya miaka miwili baada ya mafunzo, faida ya waliofundishwa kujituma iliongezeka kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. Waliopata mafunzo ya kawaida walionyesha ongezeko la asilimia 11, dogo kiasi kwamba wataalamu hawakuweza kuthibitisha kuwa halikutokana na bahati. Na kwa wanawake? Wale waliofundishwa kujituma walipanda kwa asilimia 40, ilhali wenzao wa mafunzo ya kawaida walipanda kwa asilimia 5 tu.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa akikodisha magauni ya harusi. Baada ya mafunzo alijiuliza wateja wake wanakwenda kununua nini wakishatoka dukani kwake. Akaona kwamba wananunua shela na glavu. Akaanza kuviuza yeye, biashara ikapanuka. Hakuna muujiza hapo. Ni swali ambalo jirani yake mwenye magauni vilevile hakuwa amejiuliza. Nasi tuna mitaa ambayo vibanda ishirini vinauza vocha, sabuni na soda zile zile, kila mwenye kibanda akilalamika kwamba biashara ni mbaya. Wa kwanza atakayeuliza wateja wanapita hapa wakienda kununua nini kule mbele, huyo tutasema ana nyota.

Kabla ya Lomé, jaribio dogo la aina hiyo lilikuwa limefanyika Kampala kwa wenye biashara ndogo 100, nalo likaonyesha mafanikio. Kwa hiyo hayo si mambo ya mbali na sisi.

Imani bila udongo

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, tusije tukatoka hapa tukidhani tumepata dawa ya kila ugonjwa. Yako mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni kwamba kubadili mtazamo peke yake huleta faida ndogo. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha zaidi ya wanafunzi 12,000 wa shule za sekondari za Marekani. Walipewa somo fupi, chini ya saa moja kwa jumla, lililoeleza kwamba akili hukua. Waliokuwa na alama za chini walipanda, lakini kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya pointi katika kipimo chenye pointi zipatazo nne. Si haba kwa somo la muda mfupi hivyo, lakini si muujiza. Tena faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na desturi ya kupenda maswali magumu. Mwaka huo huo, ripoti kutoka Uingereza iliyohusu shule za msingi zaidi ya 100 ilieleza kwamba wanafunzi ambao walimu wao walipewa mafunzo hayo hawakuwazidi wenzao.

Tunajifunza nini? Kwamba imani ni mbegu, nayo mbegu huhitaji udongo. Mtoto aliye katika darasa lenye watoto mia moja, wanaogombea kitabu kimoja wanne wanne, ukimwambia tu "amini kwamba unaweza," umemdhihaki. Mama lishe aliyebomolewa banda bila taarifa, au aliyekopa kwa riba ya kunyonga, hakuanguka kwa sababu ya mtazamo mgando. Yeyote atakayechukua fundisho hili akaligeuza kuwa fimbo ya kuwachapia maskini, akisema wamekwama kwa mawazo yao, amelipotosha. Viongozi hawawezi kuhubiri mtazamo badala ya kujenga madarasa, kuajiri walimu na kutenga maeneo ya kufanyia biashara.

La pili ni kwamba bidii nayo ina namna yake. Mtoto anayekosea kugawanya, akirudia kosa lile lile mara hamsini, amefanya bidii, lakini hakujifunza kitu. Mwenye genge anayepata hasara akakopa tena ili aendelee vile vile, naye ana bidii, lakini ni bidii ya kuchimba shimo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga, na maana yake ni kwamba kushindwa ni habari. Kunakwambia njia hii haifai, jaribu nyingine, au nenda ukamwulize anayejua.

Tufanye nini?

Basi, jioni hii mtoto anapoleta daftari lenye alama tatu kati ya kumi, acha kumfananisha na dada yake. Mwambie, "Nionyeshe ulivyofanya." Mtafute pamoja mahali alipopotea. Mara nyingi utakuta hatua tano ni sahihi na moja tu ndiyo yenye kasoro. Akileta kumi kati ya kumi, usiishie kusema ana akili. Mwulize alitumia njia gani, na ipi ilimsumbua. Neno dogo lenye nguvu katika lugha yetu ni "bado." Kuna tofauti kubwa kati ya "sijui kugawanya" na "bado sijajua kugawanya." La kwanza limefunga mlango, la pili limeuegesha tu.

Walimu nao, pamoja na mzigo wote walio nao, wana jambo moja wasilohitaji kulisubiri kutoka wizarani: kumruhusu mtoto akosee ubaoni bila darasa zima kumcheka. Darasa linalomcheka anayekosea huzaa watoto wanaonyamaza, na mtoto anayenyamaza mwalimu hawezi kujua alipokwama.

Kwa mwenye biashara, nunua daftari la bei ndogo. Andika ulichouza na kilichobaki, kisha kila juma jaribu badiliko moja: bidhaa moja mpya, saa nyingine ya kufungua, kipimo kingine. Likishindwa, umejua kwa hasara ndogo. Likifaulu, endelea nalo. Na mwulize mteja aliyeacha kuja ni nini kilimwondoa. Jibu lake linaweza kuuma, lakini ni somo lisilolipiwa ada.

Pale gereji, kijana anayeanza ufundi huoshwa spana na vyuma kwa miezi kabla hajaruhusiwa kugusa injini. Hakuna fundi anayemfukuza siku ya pili kwa kuwa hana kichwa cha injini. Anajua kichwa hicho hujengwa polepole, kwa kuonyeshwa, kukosea na kurudia. Subira ile ile tunayompa mwanafunzi wa gereji, watoto wetu walio darasani nao wanaistahili. Na mtu mzima aliyefilisika mara moja anaistahili pia.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.